Inchi Mbili

Fundi Gwakisa hakucheka.
Alisema tu: panda.
Nikapanda, nikasimamia vidole
kama mtoto anayechungulia dirisha la darasa,
na lile pikipiki la marehemu kaka, kilo mia mbili na ushei,
likaanza kulalia upande wa mtaro.
Alilidaka kwa goti. Kisha akavuta futikamba.

Mwanjelwa, Julai, saa moja na nusu asubuhi.
Loleza imejifunika shuka, haitaki kuamka.
Ipyana, kijana wa gereji, anachoma trei za mayai ndani ya ringi ya lori
tupate pa kuweka mikono.

Kaka alikuwa mrefu.
Milangoni aliinama kwanza, ndipo akabisha hodi.
Alilinunua Tunduma kwa msafiri aliyechoka na Afrika:
usukani mpana kama pembe za ng'ombe wa mahari,
kiti cha kuegemea, taa moja iliyokodoa.
Alipiga honi tangu Iyunga mpaka uani kwetu.
Mama alitoka na mwiko.

Mimi nimerithi ufupi wa bibi.
Nimerithi na pikipiki, na deni la duka la dawa za mifugo,
na barabara ya Isyonje mara mbili kwa wiki,
kuchanja ng'ombe wa watu wasiolipa kwa wakati.

Shokapu za zamani, inchi kumi na tatu.
Mpya, kumi na moja. Zimetoka Dar ndani ya boksi la biskuti,
zimeviringishwa gazeti la ushindi wa timu isiyo yangu.
Gwakisa akazilaza sambamba juu ya gunia,
ndefu na fupi,
kama kaka na dada waliopigwa picha shuleni.
Nikaangalia moto.

"Sikiliza, mama daktari. Chuma ukikipunguza hapa, kinadai kule.
Nyuma ikishuka, na mbele tuishushe kidogo,
la sivyo usukani utakuwa kama mlevi, anajua kwao ila haambiliki.
Bomba la moshi litasalimiana na kila tuta.
Na springi fupi haina subira:
ukiingia shimoni, inakujibu kiunoni."

Nikauliza bei. Akataja.
Nikauliza tena, kama vile sikusikia.

Boliti ya juu, kushoto, ilikataa.
Miaka sita ya mvua za Rungwe.
Mkono wa mwisho kuikaza ulikuwa wake.
Ipyana akaimwagia dizeli, tukangoja,
Gwakisa akaning'inia kwenye spana aliyoiongezea bomba,
ikalia mara moja, kwiii,
nikajikuta nimeshika ukuta.

Saa nne wakaliondoa juu ya kreti.
Panda, akasema tena.
Nyayo zangu mbili, na visigino vyake,
zikatua kwenye udongo wenye grisi.
Nikakanyaga. Nikakanyaga tena,
kama mtu anayejaribu viatu dukani na hana haraka ya kulipa.

Nikashuka, nikatega stendi.
Likasimama wima mno, likafikiri,
likaangukia upande wa pili,
juu ya lumbesa ya viazi ya Mama Atupele,
naye akatutukana kwa Kinyakyusa kisafi, ukoo kwa ukoo.
"Mguu!" Gwakisa akajipiga paji. "Nimesahau kuukata mguu!"
Msumeno, cheche, maji ya kopo.
Sasa likaegemea vizuri, kama mtu anayesikiliza.

Tuta la kwanza la Igawilo, krrr.
La pili nikalipita mshazari.
Isyonje ukungu ulikuwa umekaa katikati ya lami,
na ndani yake ng'ombe, mmoja, wanne, sijui wangapi,
na mchunga koti refu asiye na haraka.
Nikafunga breki. Nikashusha miguu yote miwili.
Ardhi ilikuwepo.

Nyuma yangu, ndani ya gunia,
nilikokataa kumwachia Gwakisa auze vyuma chakavu,
zile ndefu mbili zilikuwa zimegongana njia nzima,
ko, ko, ko,
kila shimo,
kama mtu mlangoni
ambaye ameshainama.